Vikuku Vilivyofungwa: siku saba kutoka Fort Worth hadi Pendleton

Siku ya 1, Ijumaa. Fort Worth, Texas

Picha ndiyo iliyonitoa nyumbani. Niliikuta mwezi wa nne katika duka la vitu vya kale hapa Stockyards, mtaa wa zamani wa mnada wa ng'ombe. Ni postikadi iliyofifia: farasi amekunja mgongo na kurusha matako juu, na mwanamke yuko hewani kichwa chini, miguu juu, ardhi ikimngoja. Chini wameandika jina lake, Bonnie McCarroll, na jina la farasi, Silver. Mahali ni Pendleton, Oregon, mwaka 1915. Nilimwambia muuzaji kwamba bila shaka mama huyu alivunjika shingo. Akajibu, hapana, siku ile aliinuka. Farasi mwingine ndiye aliyemuua, uwanja uleule, miaka 14 baadaye. Nikailipia, nikarudi nayo nyumbani, na tangu siku hiyo sikutulia.

Wifi yangu ni dereva wa lori la masafa marefu. Nilipomwonyesha ile postikadi aliitazama muda mrefu, kisha akauliza, "Pendleton ni njia ya ngapi?" Nikamwambia ni barabara ya 84, baada ya kuvuka Idaho. "Naijua. Kuna mteremko pale unaochoma breki. Omba likizo, wifi, twende." Basi tunakwenda, zaidi ya kilomita 3,000, kwa gari langu dogo, tukipokezana usukani.

Jioni ya leo tumeanzia hapahapa, Cowtown Coliseum. Jengo ni la mwaka 1908, na mwaka 1918 ilifanyika humu rodeo, yaani mashindano ya makauboi ya kupanda farasi na kukamata ng'ombe, inayotajwa kuwa ya kwanza duniani kufanyika chini ya paa. Nje imesimama sanamu ya Bill Pickett, kauboi Mweusi aliyeanzisha mchezo wa kumrukia maksai kutoka farasini na kumwangusha kwa kumshika pembe. Katika rodeo ile ya 1918 wanawake nao walipanda farasi wakorofi, wale wanaoruka na kujipinda mpaka wamtupe mtu.

Usiku huu farasi wakorofi walipandwa na wanaume peke yao. Wanawake walitoka kwenye mbio za mapipa, mapipa matatu, farasi akiyazunguka kama upepo wa kisulisuli. Ni mchezo mzuri na unataka mpandaji hodari, nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Lakini wifi aliniinamia sikioni: "Sasa wale wa kwenye postikadi yako walikwenda wapi?"

Siku ya 2, Jumamosi. Fort Worth hadi Mulhall, Oklahoma

Asubuhi tulipita kwenye makumbusho ya makauboi wa kike. Yalianza mwaka 1975 katika chumba cha chini cha maktaba ya mji mdogo wa Hereford, kisha yakahamia Fort Worth, na jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 2002. Mtu anaweza kukaa humo siku nzima. Sisi tulimtafuta mmoja tu, kwa sababu mji huu ndio uliokuwa kwake: Tad Lucas.

Alizaliwa Cody, Nebraska, mwaka 1902. Alipanda farasi wakorofi, lakini sifa yake kubwa ilikuwa michezo ya juu ya farasi: kusimama juu ya tandiko farasi akienda mbio, kuning'inia ubavuni, kupita chini ya tumbo na kutokea upande wa pili huku kwato zikipiga ardhi karibu na uso wake. Kule New York, kwenye rodeo ya Madison Square Garden, palikuwa na kombe la fedha la dola 10,000, na sharti lake lilikuwa kwamba mwanamke atakayelishinda mara tatu ndiye atakayebaki nalo. Tad alilishinda mwaka 1928, 1929 na 1930. Mwaka 1933 huko Chicago alianguka katikati ya mchezo ule wa kupita chini ya tumbo, na mkono wake ulivunjika vibaya mno. Alirudi uwanjani mkono ukiwa bado ndani ya plasta, na akajifunza upya michezo ambayo mkono mmoja ungeiweza.

Watu husema kwamba wanawake hawa walikuwa pambo la maonyesho. Hakuna anayemlipa pambo kombe la dola 10,000.

Mchana tukashika barabara ya 35 kwenda kaskazini. Mulhall ni kimji cha watu mia chache, kimezungukwa na mashamba ya ngano, na kimbunga cha tarehe 3 Mei 1999 kiliangusha sehemu kubwa ya nyumba zake. Jina la mji limetokana na Zack Mulhall, mwenye ranchi na maonyesho ya farasi. Mimi nilimjia binti yake, Lucille.

Lucille alizaliwa mwaka 1885 na alikulia katikati ya ng'ombe wa baba yake. Kamba ya kitanzi ndiyo iliyokuwa silaha yake. Alimfukuza maksai akiwa juu ya farasi, akamtupia kitanzi kwenye pembe, akamwangusha, akashuka na kumfunga miguu, kazi ambayo wanaume waliokomaa waliifanya kwa jasho. Mwezi wa Julai 1900, akiwa na umri wa miaka 14, alitumbuiza Oklahoma City kwenye mkutano wa wapiganaji waliokuwa vitani Cuba pamoja na Theodore Roosevelt, na Roosevelt mwenyewe alikuwepo. Mwaka 1905 alikuwa Madison Square Garden na kundi la baba yake. Waandishi wa magazeti walihangaika namna ya kumwita, kwa kuwa hawakuwa na neno la msichana anayefanya kazi ile. Neno la kauboi wa kike lilienea Marekani pamoja na jina lake.

Hapa niseme langu. Nimekulia Singida, nyumba ya ng'ombe. Kaka zangu walikwenda machungani, mimi nilibaki na ndama zizini, na siku niliyompanda punda wa jirani nilichapwa. Kwa hiyo nilipofika kwenye mji uliobeba jina la baba wa Lucille, swali langu halikuwa jinsi alivyojifunza kutupa kamba. Nilijiuliza ni mzee wa namna gani yule aliyemtazama binti yake akitupa kamba na asimwite ndani.

Lucille alikufa Desemba 1940 katika ajali ya gari karibu na nyumbani. Siku ya mazishi mvua ilikuwa imenyesha hadi barabara ikawa tope tupu, na magari yakakwama. Ilibidi wafunge farasi wa kulimia wayavute.

Siku ya 3, Jumapili. Kansas

Ngano, anga, ngano. Wifi ameendesha saa saba, mimi nne. Tumelala mahali ambapo jina lake sijalishika, karibu na mpaka wa Colorado. Kwenye kituo cha mafuta mzee mmoja alimuuliza wifi kama mume wake ndiye dereva, na wifi akamjibu kwa upole kwamba leo hatuna mume ndani ya gari. Alinisimulia baadaye kuwa hilo ni swali la kila wiki. Anafika bohari na tani zake 18, anashuka na karatasi mkononi, na mtu wa getini anachungulia nyuma yake kumtafuta dereva.

Siku ya 4, Jumatatu. Cheyenne, Wyoming

Tumefika kabla ya msimu. Rodeo kubwa ya Cheyenne, iliyoanza mwaka 1897, hufanyika mwishoni mwa Julai, na sasa ni Juni. Uwanja umelala, wafanyakazi wanapaka rangi vizuizi. Ni afadhali hivi, maana mtu anasikia anachokifikiria.

Mwaka 1904 msichana aitwaye Bertha Kaepernik alifika hapa kutoka Sterling, Colorado, mwendo wa zaidi ya kilomita 160 akiwa juu ya farasi, huku akimvuta kwa kamba farasi mwingine mkorofi wa kumpanda mbele ya watu. Mvua ikanyesha, uwanja ukawa bwawa la matope, na wanaume wakagoma kupanda. Watu walikuwa wamekwisha kulipa viingilio. Bertha akapanda. Farasi aliruka na kuteleza na kuinuka, yeye akabaki juu ya tandiko. Baadaye aliolewa, akajulikana kama Bertha Blancett, na akatwaa ubingwa wa wanawake wa farasi wakorofi kule Pendleton mwaka 1911, 1912 na tena 1914. Nilisimama kwenye kizuizi nikijaribu kuuona uwanja ule ukiwa matope. Nilikumbuka pia kwamba Wyoming, ikiwa bado jimbo changa lisilo kamili, iliwapa wanawake haki ya kupiga kura mwaka 1869, muda mrefu kabla ya sehemu nyingine nyingi za Marekani. Labda hewa ya hapa ilisaidia.

Mchana tulitafuta fundi wa matandiko. Nilitaka kuona kwa macho kile nilichokisoma kuhusu Bonnie. Fundi ni mzee mwembamba, vidole vyake vimekolea rangi ya ngozi anayoifanyia kazi. Nilipomwuliza juu ya vikuku vya kufunga, vikuku vikiwa zile pete za kuwekea miguu pande mbili za tandiko, aliacha sindano yake. Alichukua tandiko lililokaa juu ya gogo la mbao, akapitisha mkanda wa ngozi chini ya gogo, akaunganisha kikuku cha kushoto na cha kulia, akakaza. Akaniambia nipande.

Nilipanda. Miguu ikaingia. Kwa kweli mtu anajisikia imara, kama aliyekaa kwenye kiti chenye mikono. Vikuku havichezi, huwezi kurushwa kirahisi. "Sasa farasi ameanguka," fundi akasema, "toka." Nilivuta mguu wa kulia. Kikuku hakikunifuata, kilibaki kimekaza palepale chini ya tumbo la gogo, na buti langu likakwama kisiginoni. Nilivuta tena, goti likaniuma. Gogo lilikuwa limetulia kimya, halirushi mateke, na bado nilihitaji kujishika kwenye pembe ya tandiko ili nijitoe. Wifi hakusema kitu. Alikuwa ameshika mdomo.

Hiyo ndiyo iliyoitwa njia ya usalama kwa wanawake. Wanaume walikatazwa kufunga vikuku kwa sababu kufunga kulihesabiwa kuwa kurahisisha mchezo. Wanawake waliruhusiwa, na mahali pengine walitakiwa wafunge, kwa kuwa walionekana dhaifu. Tandiko la huruma likawa mtego.

Kabla ya kuondoka tulipita kwenye sanamu ya Lane Frost, iliyosimama karibu na uwanja. Alikuwa bingwa wa kupanda mafahali, kijana wa miaka 25, na fahali alimpiga hapahapa tarehe 30 Julai 1989, akafa. Nimesimama mbele yake kwa heshima yote. Baada ya kifo chake wapandaji walitengenezewa fulana ngumu ya kukinga kifua, na leo kila mpanda mafahali unayemwona ameivaa. Mchezo uliendelea. Mwanamume alipokufa waliuliza: tumkinge vipi anayefuata? Alipokufa Bonnie waliwafungia wanawake lango. Ninaandika haya usiku wa manane, na hasira haijaniisha.

Siku ya 5, Jumanne. Kuvuka Wyoming

Barabara ya 80, upepo wa kusukuma gari, na wifi kaniambia nimsimulie kitu asisinzie. Nikamsimulia Fannie Sperry.

Alizaliwa mwaka 1887 karibu na Helena, Montana, chini ya milima, katika familia ya wafuga farasi. Yeye hakufunga vikuku. Alipanda kama wanaume, miguu ikiwa huru, na alilisema hilo waziwazi maisha yake yote. Mwaka 1912 huko Calgary, Kanada, ilifanyika rodeo kubwa ya kwanza ya mji ule. Palikuwepo farasi aliyeitwa Red Wing, ambaye siku chache kabla alikuwa amemuua kauboi Joe LaMar. Wapandaji walichaguliwa farasi kwa kura. Fannie akachomoa Red Wing.

"Akakataa?" wifi akauliza.

"Akapanda."

Wifi akapunguza mwendo kidogo. Nikaendelea: alipanda, akamaliza muda wake, na akatoka bingwa wa dunia wa wanawake. Zawadi ilikuwa dola 1,000, tandiko lililonakshiwa kwa mkono na bizimu ya dhahabu ya mkanda. Mwaka uliofuata alishinda tena, Winnipeg, na mwaka huohuo akaolewa na Bill Steele, naye mtu wa rodeo. Mumewe alipofariki mwaka 1940, Fannie aliendelea na ranchi peke yake, akiongoza wawindaji milimani na msururu wa farasi wa mizigo, miaka mingi, mpaka uzee. Alikufa mwaka 1983, akiwa na miaka 95.

"Miguu huru, miaka tisini na tano," wifi akasema. Tulinyamaza mpaka tulipoingia Utah.

Siku ya 6, Jumatano. Boise, Idaho

Tulifika jana usiku sana. Tumelala kwa mama mmoja wa Uvira, rafiki wa wifi wa kanisani, kwa maana Boise ina Wakongo wengi waliokuja kama wakimbizi, na Kiswahili utakisikia dukani. Alitupikia bugali na sombe, akatuzuia tusiondoke leo. "Munachoka sana. Mulale kwanza." Tukatii.

Bonnie alikuwa mtu wa pande hizi. Alizaliwa mwaka 1897 kwenye ranchi ya High Valley, kaskazini ya Boise. Mwaka ule wa postikadi alikuwa na miaka 18. Aliolewa na Frank McCarroll, mwangusha maksai, wakawa wanazunguka pamoja rodeo hadi rodeo. Mwaka 1922 alitwaa ubingwa wa wanawake wa farasi wakorofi Cheyenne na Madison Square Garden, viwanja viwili vikubwa kuliko vyote, katika mwaka mmoja. Inasimuliwa kwamba mwaka 1929 yeye na mumewe walikuwa wamepanga kuacha, warudi Boise watulie.

Mama wa Uvira aliishika ile postikadi, akaigeuza juu chini ili mwanamke asimame wima na farasi awe hewani. Akacheka kwa furaha, akasema sasa ndiyo iko sawa.

Siku ya 7, Alhamisi. Pendleton, Oregon

Kutoka Boise ni kama kilomita 350. Barabara inapanda milima ya misonobari, halafu ghafla, baada ya kilele cha Deadman Pass, nchi yote inafunguka chini yako, mashamba ya ngano hadi upeo wa macho, na ule mteremko wa wifi unaojipindapinda. Aliushuka kwa gia, mguu haukugusa breki ila mara mbili. Mji uko chini, katika ardhi ya watu wa Umatilla, Cayuse na Walla Walla, ambao hadi leo husimamisha mahema yao kando ya uwanja kila Septemba. Rodeo ya hapa ilianza mwaka 1910.

Mfanyakazi mmoja alituruhusu tuchungulie uwanjani. Viwanja vyote tulivyoviona vina mchanga au udongo. Huu una majani. Majani mabichi, yaliyonyweshwa asubuhi, yakinukia kama shamba baada ya mvua. Sikuwa nimejiandaa kwa harufu ile.

Tarehe 19 Septemba 1929 Bonnie alitoka hapa juu ya farasi aitwaye Black Cat. Vikuku vilikuwa vimefungwa. Farasi akaanguka na kuinuka tena, na Bonnie hakuweza kutoka. Mguu ulibaki kwenye kikuku, akaburutwa, mbele ya watu wote, mbele ya mumewe. Alifia hospitalini mwishoni mwa mwezi huohuo, miaka 32.

Waandaaji wa Pendleton waliwaondoa wanawake kwenye farasi wakorofi. Mwaka huohuo wa 1929 wenye viwanja waliunda chama chao cha rodeo, na orodha yao ya michezo haikuwa na ya wanawake. Ukaja mdororo wa uchumi, ikaja vita. Madison Square Garden ilidumu na wanawake hadi mwanzoni mwa miaka ya 1940, kisha nayo ikafunga. Kifo cha Bonnie kilikuwa kisingizio kilichofika wakati mlango ulikuwa umekwisha kushikwa kitasa. Wanawake hawakukaa kimya: mwaka 1948 walikutana San Angelo, Texas, 38 kati yao, wakaanzisha chama chao wenyewe, na ndicho kilichozipa mbio za mapipa nguvu zilizonazo leo. Hapa Pendleton wanawake walirudi kushindana mwaka 2000, kwa mapipa, juu ya majani haya.

Nilimwuliza mfanyakazi kama kuna anayejua ni wapi hasa Black Cat alianguka. Alinyoosha mkono kuelekea katikati, akaurudisha taratibu. Wifi alivua viatu, akaomba ruhusa, akatembea peku hatua chache hadi nyayo zikalowa, akasimama. Sikumwita.

Kesho tunaanza kurudi, kwa maana Jumatatu ana mzigo wa kwenda Ohio. Usiku huu hotelini aliniomba ile postikadi. Nikampa. Amesema ataibandika kwenye lori, juu ya kioo, na ataibandika alivyoigeuza mama wa Uvira.